Shajara ya mradi: kutafuta x kwenye chumvi zenye maji

Juma la 1: matayarisho

Somo la moli, kipimo cha kuhesabia chembe, likifika kwenye chumvi zenye maji ya fuwele, yaani maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, vijana wengi huandika CuSO₄·5H₂O, fomula ya mrututu (salfeti ya shaba), kabla hawajagusa mizani. Wanajua ni 5 kwa sababu daftari la kaka au dada aliyewatangulia limesema 5. Wakipima wakapata 4.3, wanarudi kwenye hesabu na kusogeza tarakimu mpaka 5 itokee. Kwa mtindo huo mizani ni pambo tu.

Mradi huu wa klabu ya sayansi, hapa shuleni kwetu Same, una kanuni moja: x, yaani idadi ya molekuli za maji kwa kila fomula moja ya chumvi, inaandikwa kama ilivyotoka, na kikundi kinatakiwa kueleza kwa nini imetoka hivyo. Mrututu haufichiki kwa ile rangi yake ya bluu, kwa hiyo tutauanza ukiwa wazi ili utupimie mbinu zetu. Chumvi nyingine zitakuja zimeandikwa herufi, pamoja na tungamo la moli (gramu za moli moja) la chumvi ikiwa kavu, basi.

Vitu vyote vinapatikana karibu. Mrututu umetoka duka la pembejeo, chumvi ya haluli duka la dawa, shabu na magadi sokoni. Jasi tunayo ndani ya wilaya, Makanya. Maabara ina vikombe vidogo vya kauri, koleo, taa ya gesi na mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Tumenunua oveni ndogo ya umeme na kuiandikia kwa rangi nyekundu kwamba haitapikiwa chakula kamwe, maana mrututu ni sumu. Ndani yake tumeweka kipimajoto, kwa sababu kile kitufe cha nje hakiaminiki: kinasema 150 huku ndani ni 170. Chombo cha kukaushia ni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, chini yake tumetandika kloridi ya kalsiamu iliyokaushwa. Kikombe kitapoa humo kikiwa kimefunikwa, kisipate nafasi ya kunywa unyevu wa hewani kabla ya kupimwa. Wala hakipimwi kikiwa cha moto, kwa sababu hewa inayopanda kutoka kwenye kikombe hukisukuma juu na mizani ikasoma pungufu.

Kabla ya kuwasha chochote tulikaa na swali la kiasi: tutumie gramu ngapi? Vijana walitaka gramu 1 ili mrututu usiishe haraka. Nikawaambia wapige hesabu ya uwezo wa mizani. Kila tofauti ya vipimo viwili inaweza kupotoka kwa 0.02 hivi. Gramu 1.00 ya mrututu ina maji gramu 0.36. Weka 0.34 badala ya 0.36, x inakuwa 4.6, weka 0.38, inakuwa 5.4. Kwa gramu 5.00 mpotoko uleule unakupa kati ya 4.9 na 5.07. Mizani ni ileile, anayeipima ni yuleyule, ila jibu la kwanza halitenganishi 5 na lolote la jirani. Tumekubaliana gramu 5 kwa kila sampuli inapowezekana, na kila kikundi kitaandika x yake ya chini na ya juu, si moja peke yake.

Juma la 2: mrututu unagoma kwenye 3.6

Vipimo vya kikundi cha kwanza, kwa gramu:

Kikombe kitupu: 24.36
Kikombe na mrututu: 29.38
Baada ya oveni, nyuzi 150: 27.93
Kurudishwa ovenini na kupimwa tena: 27.93

Tungamo limetulia. Kila maelekezo ya jaribio hili yanasema uchome, upoze, upime, urudie mpaka tungamo lisibadilike, na hapo ndipo uhesabu. Wakahesabu: maji yaliyotoka ni 1.45, gawa kwa 18, tungamo la moli la maji, ni moli 0.0806. Chumvi iliyobaki ni 3.57, gawa kwa 159.5, tungamo la moli la CuSO₄ kavu, unapata moli 0.0224. Uwiano wake ni 3.60.

"Mwalimu, haishuki tena. Tuandike 4?"

Hapana, 4 haimo hata kwenye mipaka yao. Niliwaomba waangalie kikombe badala ya kikokotoo. Unga ulikuwa umepauka, lakini ukiuweka kando ya karatasi nyeupe unaona bado una ubluu kwa mbali. Tukaacha hapo hadi kipindi kilichofuata, kwa makusudi, ili kila mmoja aondoke na hiyo 3.60 kichwani.

Tulipokutana tena, binti mmoja alikuja na hesabu iliyonifurahisha sana. Alijiuliza: ikiwa molekuli moja tu ya maji imebaki ndani, tungepata ngapi? Maji yaliyotoka ni 4. Kilichobaki si CuSO₄ yenye 159.5 bali CuSO₄·H₂O yenye 177.5, na sisi tunakigawa kwa 159.5 kana kwamba ni kikavu, hivyo moli zake zinaonekana nyingi kuliko zilivyo. Gawa 4 kwa (177.5 ÷ 159.5). Jibu ni 3.59.

Hapo ndipo darasa lilipoelewa kwamba maji yaliyobaki yanaharibu hesabu pande mbili kwa mpigo. Yanakosekana upande wa maji, na yanajazia upande wa chumvi. Ndiyo maana aliyebakiza molekuli moja hapati 4.

Tulipandisha oveni hadi 250. Kikombe kikashuka hadi 27.58 na kutulia hapo, unga ukiwa mweupe wa kijivu. Maji ni 1.80, chumvi 3.22, x ni 4.95. Mipaka yake kwa mizani yetu ni 4.87 hadi 5.04, na namba nzima iliyomo humo ni moja tu. Sasa ruhusa ipo ya kuandika 5.

Juma la 3: ile molekuli ya tano

Swali lililoletwa na vijana lilikuwa zuri kuliko nililopanga kuwafundisha: kwa nini maji manne yatoke mapema na la tano ligome? Yote si maji?

Mrututu hupoteza maji yake kwa ngazi. Mawili hutoka kwenye nyuzi 63 hivi, mawili mengine karibu na 109, na la mwisho karibu na 200. Tuliuacha kwenye 150, katikati ya ngazi ya pili na ya tatu, na pale unaweza kuuacha hata usiku kucha usishuke. Kwa hiyo tungamo kutulia si ushahidi wa kutosha. Limetulia kwenye joto gani? Hilo nalo liandikwe kwenye daftari pembeni ya kila kipimo, na kuanzia juma hili tunaliandika.

Mpangilio wa ndani ya fuwele hii ulionyeshwa kwa eksirei mwaka 1934 na Beevers na Lipson. Maji manne yameizunguka ioni ya shaba na kushikamana nayo moja kwa moja. La tano halimo kwenye duara hilo. Limeshikwa kwa bondi za haidrojeni kati ya salfeti na maji mengine. Yaani lile lisiloigusa shaba ndilo linalochelewa kutoka. Vijana walitarajia kinyume chake, na nilipenda kuona wanabishana. Namba 5 tuliyokuwa tukiiandika kama tarakimu moja kumbe ni 4 na 1.

Kikundi cha pili kilitumia taa ya gesi badala ya oveni, moto ukiwa mkali. Kingo za unga zikaanza kuwa kahawia kisha nyeusi, na harufu kali ikatokea. Tulizima, tukafungua madirisha yote na kutoka nje. Weusi ule ni oksidi ya shaba: salfeti yenyewe imevunjika na kuondoka kama gesi, na gesi hiyo si ya kuvuta. Kila gramu ya gesi hiyo imehesabiwa kama maji, ndiyo maana x yao ilipanda hadi 5.3. Hawakuifuta. Wameiandika, wakaandika rangi waliyoiona, wakaandika kwamba kipimo hakitumiki. Mrututu hautachomwa tena kwa taa ya gesi katika mradi huu.

Unga mweupe uliobaki tuliudondoshea maji. Ukarudi bluu papo hapo na neli ikapata moto mkononi. Tumeukusanya wote kwenye bika moja, tutauacha ujenge fuwele upya. Hakuna mrututu unaomwagwa kwenye sinki.

Juma la 4: chumvi B na C

Lebo ya B ilisema 120 tu. Gramu 4.00. Ovenini, nyuzi 200, ikatulia baada ya kupoteza 1.72, x ikawa 5.03. Mwaka jana hapa pangeandikwa 5 na mjadala kufungwa. Safari hii vijana walisema wenyewe: huenda molekuli moja imebaki. Wakageuza hesabu ya mrututu: 5.03 mara 138, gawa kwa 120, ni 5.78, ongeza ile 1 iliyobaki, ni 6.78. Wakaandika utabiri huo ubaoni kabla ya kuwasha taa.

B haivunjiki kwa moto wa taa ya gesi, kwa hiyo tukaimalizia hapo taratibu. Ukiiharakisha, inayeyuka ndani ya maji yake yenyewe na kurusha matone, na tone lililoruka nje linahesabiwa kuwa maji. Upungufu ukafika 2.02. x ni 6.80, mipaka 6.67 hadi 6.94.

Utabiri umeshikana na kipimo, maana yake maji yote yametoka. Lakini 7 haimo kwenye mipaka. Je, chumvi yenyewe ilikuwa pungufu tangu mwanzo? Tulimwaga paketi kwenye karatasi. Punje za juu zilikuwa zimefunikwa vumbi jeupe kama chaki, za ndani zinang'aa. Same iko upande wa Milima ya Pare usiopata mvua, hewa yake ni kavu, na chumvi hii hutoa sehemu ya maji yake hewani bila moto wowote. Walichambua punje angavu peke yake, gramu 4.00, wakapoteza 2.05. x ni 7.01. B ni MgSO₄·7H₂O, chumvi ya haluli. Paketi iliyokaa wazi ina 6.8 kweli, na hakuna haja ya kuionea haya hiyo 6.8.

C ilikuwa shabu, KAl(SO₄)₂·12H₂O. Nayo huyeyuka ndani ya maji yake karibu na nyuzi 92, kisha inaumuka na kufurika kikombe, kwa hiyo ilihitaji kikombe kikubwa na gramu 3 tu. Ilitoa 1.37, x 12.05. Mipaka ni mipana, 11.7 hadi 12.4, ila inatosha.

Juma la 6: magadi

Juma la 5 lilikuwa la mitihani. Tumerudi na chumvi D, ambayo nilikuwa naisubiri kuliko zote.

Lebo ilisema: karboneti ya sodiamu, 106. Bonge jeupe la magadi, tulilisaga, tukapima gramu 5.00, tukachoma mpaka likatulia. Upungufu ni 1.39. x ni 2.27, mipaka 2.22 hadi 2.31. Hakuna namba nzima humo, wala nusu.

Mjadala ulichukua kipindi kizima na ulikuwa wa kisayansi kweli. Kikundi kimoja kilisema ni 2, kilichozidi ni uchafu. Wengine wakawapinga: udongo haupungui ukichomwa, unabaki kikombeni na kujihesabu kama chumvi, hivyo uchafu hushusha x, haupandishi. Kama kuna udongo, x halisi iko juu ya 2.27. Basi ni 2.5, wakasema, yaani molekuli tano za maji kwa kila karboneti mbili. Hoja ilikuwa imepangika, hesabu safi, na nusu ya darasa ilikuwa imeshaandika.

Nikawaomba wachome kidogo ndani ya neli yenye kizibo na mrija, ncha ya mrija ikiwa ndani ya maji ya chokaa. Maji ya chokaa yakawa meupe kama maziwa, dalili ya karboni dayoksidi (CO₂).

Kumbe kilichokuwa kikitoka hakikuwa maji peke yake. Mizani inajua kiasi kilichoondoka, haijui ni nini. Kwenye mrututu, haluli na shabu tulikuwa tumechukulia kwamba kila kinachotoka ni maji, na ilikuwa kweli kwa sababu ya aina ya chumvi zile, si kwa sababu mizani ilituambia. Magadi ya Ziwa Natron na ya Ziwa Magadi kule Kenya kwa sehemu kubwa ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, chumvi yenye karboneti na baikaboneti pamoja. Ikichomwa, baikaboneti inavunjika:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Kwa tungamo la moli, kutoka 452 za trona inabaki 318 ya karboneti. Imepungua 29.6 kwa mia. Ukikosea na kuuita upungufu wote maji, trona safi itakupa x ya 2.48, karibu kabisa na 2.5 waliyoipenda. Mgawanyo mzuri wa namba unaweza kuzaliwa na dhana isiyo sahihi, na mimi natamani kila mwanafunzi wa kemia akutane na magadi mapema kwa sababu hii moja.

Moto umefika mwisho wa uwezo wake hapo. Tukahamia kwenye kutitireti, yaani kudondosha asidi ya nguvu inayojulikana mpaka kiashiria kibadilike rangi, kazi ambayo vijana wameizoea. Gramu 2.26 za magadi, zikayeyushwa, zikachujwa, zikafanywa kuwa sentimita za ujazo 250. Kila 25 zikatitiretiwa kwa asidi hidrokloriki ya 0.1 M. Kwa kiashiria cha fenolfthaleini rangi ya waridi ilipotea kwenye 9.3, baada ya hapo, kwa kiashiria cha methili oranji, ikahitajika 18.5 zaidi. Karboneti tupu ingetumia kiasi sawa hatua zote mbili. Trona inatakiwa kutumia mara mbili kwenye hatua ya pili, kwa sababu baikaboneti yake ya asili inaungana na ile iliyozaliwa kutokana na karboneti. Uwiano wetu ni 1.99.

Titresheni hiyohiyo inasema magadi yetu ni trona kwa 93 hivi kwa mia. Zidisha 29.6 kwa 0.93, unatarajia upungufu wa 27.5 kwa mia motoni. Tulipata 27.8. Njia mbili zisizotegemeana zimekutana, na hapo nilisimamisha kazi ili wote waliangalie ubao kwa dakika chache.

Asilimia saba iliyobaki ni udongo na chumvi nyingine. Magadi ya kanda hii yana floridi pia, na ni moja ya sababu za meno ya kahawia kwa watoto wa kaskazini wanaokula vyakula vilivyolainishwa kwa magadi. Mama wa kijana mmoja anauza magadi sokoni. Kijana ameomba tutafute namna ya kupima floridi. Hatuna kifaa chake hapa, lakini ombi nimeliandika kwenye orodha ya mradi wa mwaka kesho.

Juma la 7: jasi

Jiwe la jasi la Makanya, limesagwa, gramu 5.00, nyuzi 250. Upungufu 0.98, x 1.84, mipaka 1.80 hadi 1.89. Vijana hawakusubiri niulize. Walimimina maji ya chokaa kwenye neli na kuchoma: hayakubadilika, kwa hiyo hakuna karboni dayoksidi. Jiwe lina udongo. Wakabandua vipande angavu vinavyochanika kama karatasi za kioo, wakapima upya: 1.04, x 1.98. CaSO₄·2H₂O.

Jasi ina jambo ambalo chumvi za mwanzo hazina. Ikichomwa kwa nyuzi 150 hivi haiishi maji yote, inabaki na nusu molekuli, CaSO₄·½H₂O, na huo ndio unga wa jipsam ambao mafundi wa dari wanauchanganya na maji ukagandia mikononi. Lavoisier alieleza mwaka 1765, kwenye kazi yake ya kwanza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, kwamba unga huo unaganda kwa kurudishiwa maji uliyonyang'anywa na moto. Tukaamua kuipima fomula kwa kurudi nyuma: badala ya kutoa maji, tuyarudishe.

Gramu 50.00 za jipsam ya dukani, maji ya kutosha, ikaganda. Tukaivunja vipande na kuianika juani hadi ikatulia. Oveni haikutumika, isije ikaanza kutoa tena maji tuliyoyarudisha. Kwa tungamo la moli kutoka 145 la unga hadi 172 la jasi, unga safi ungefika 59.3. Wetu umefika 58.2. Maji yaliyoingia ni molekuli 1.32 kwa kila moja ya unga, wakati zilitarajiwa 1.5.

Kuna maelezo mawili mezani. La kwanza, unga wa dukani una vichanganyio visivyonywa maji. La pili, sehemu ya unga ilishakunywa unyevu ghalani kabla hatujaununua. Kipimo cha kuyatenganisha tumekwisha kukipanga: gramu 5.00 za vipande angavu vya Makanya, tuvichome wenyewe kwa nyuzi 150 mpaka vifike 4.22 au karibu yake, tuvirudishie maji siku hiyohiyo, tuvianike, tupime. Vikirudi 5.00, mbinu yetu ni nzima na tatizo liko kwenye unga wa dukani. Hapo unga wenyewe utachomwa kwa nyuzi 250 kuona una maji zaidi ya asilimia 6.2 au pungufu. Oveni imeshapangiwa kikundi cha tatu, Jumatano baada ya vipindi.